Mabua ya Mvua na Kitambaa cha Kijani

Mpendwa Mama,

Mvua imenyesha tangu alfajiri mpaka chai ikawa tayari. Ilipokatika nilitoka na bua kavu, nikalitumbukiza kwenye mkebe wako pale juu ya kisiki, nikalitoa na kutazama lilipoishia kulowa. Kiberiti kimoja na nusu. Usiniulize kiberiti kinaingiaje hapa, nitafika huko. Nimevunja kile kipande kilicholowa, nikakiweka dirishani kikauke, kisha nikakaa kwenye kigoda chako chenye mguu mmoja mfupi ili nikuandikie.

Nina swali. Najua utacheka. Uliwahi kusema kwamba siku Mungu alipogawa maswali, sisi watu wa milimani tulipanga foleni mara mbili. Lakini hili ni moja tu, nalo linahusu kitambaa cha kijani. Nianze mbali kidogo, maana bila kuanza mbali hata mimi mwenyewe silielewi vizuri.

Unakumbuka Ouma aliponileta kwako? Tulishukia Otonglo, tukaiacha barabara ya Busia, tukateremka na njia ya miguu mpaka ziwa likaanza kuonekana kati ya miti. Dholuo yangu, lugha yenu, ilikuwa ya salamu tu, na hata hiyo niliisema kama mtu mwenye jiwe mdomoni. Wewe ulikuwa na Kiswahili chako cha kuuza nyanya soko la Kibuye, ambacho hakikuogopa ngeli yoyote. Tukaelewana kwa hicho. Watu wengine wa boma waliniita Nyar Maragoli, binti wa Maragoli, mpaka nikaanza kusahau jina nililobatizwa.

Wiki ile ya kwanza nilikuona umeinama juu ya mkebe wa mafuta ya kupikia, unachovya bua la mtama, unalitazama, unalivunja, unaondoka na kipande mkononi. Nilimwambia Ouma kwa sauti ya chini kwamba mama yake anafanya mambo nisiyoyaelewa. Alicheka mpaka chai ikamwagika. Nikaona nisife na langu moyoni, nikaja kukuuliza mwenyewe.

“Mvua ni mgeni,” ulinijibu. “Mgeni akikuja kwako, si unaangalia amebeba mzigo gani?”

Baadaye uliniambia ukweli wote. Hukuanza kwa hekima, ulianza kwa ubishi. Baba, mumeo, alidai mvua fulani ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kuona, nawe ukasema ni kelele za mabati tu. Mkabishana siku mbili. Mvua iliyofuata ukaweka mkebe nje. Baba alishindwa, akanuna, na wewe ukaendelea kupima mpaka alipokufa, na baada ya hapo pia. Nimejiuliza mara nyingi kama uliendelea kwa sababu ya mvua au kwa sababu ya Baba.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Ilikuwa masika yangu ya kwanza kwako. Mchana mmoja ilinyesha mvua ya kueleweka, ile inayoingia ardhini bila kukimbia, na harufu ya udongo ikanikumbusha kwetu. Huko Maragoli ardhi ikilowa hungoji mtu. Kesho yake asubuhi na mapema nilivaa gauni langu la kijani, lile ambalo mama yangu alinishonea nilipoolewa, akamalizia pindo kwa uzi wa njano kwa sababu wa kijani ulimwishia. Nikachukua jembe na bakuli la mtama, nikaingia shambani. Nilitaka uamke ukute mkaza mwanao si mvivu.

Nilikuwa nimemaliza mistari mitatu alipopita jirani akienda kuchota maji. Alisimama. Akaweka mtungi chini. Akanitazama, akaitazama nyumba yako, akaniacha mimi na mtungi wake hapo hapo, akaondoka mbio. Nilidhani amefurahi.

Ulikuja bila viatu, Mama. Sijawahi kukuona ukikimbia kabla ya siku ile wala baada yake. Hukunigombeza. Ulichota mtama kutoka kwenye bakuli langu, ukaenda kwenye kile kishamba chako mbele ya jikoni, ukatoboa ardhi kwa kisigino, ukatupia mbegu, ukafukia. Uliporudi, Mzee Okello, ndugu yake Baba, alikuwa tayari ameingia na fimbo yake, na nyuma yake watu wanne hivi wa kushuhudia. Ukamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka njiani kwamba wewe ulipanda jana jioni, na kwamba huyu msichana umemtuma mwenyewe ajaribu mbegu. Mzee Okello alikitazama kile kishamba chako chenye udongo mbichi. Akatazama kisigino chako. Akasema sawa, akaenda zake.

Hapo nami nikakimbilia nyumbani, nikipita katikati ya ua wa michongoma badala ya mlangoni, na pindo la gauni likabaki huko kwenye miiba. Sikurudi kulitafuta. Ulinikuta nalia jikoni, ukanieleza kwa utulivu. Katika boma hili mama ndiye anayefungua msimu. Akishapanda yeye, anafuata mke wa mtoto wa kwanza, yaani Mama Brenda, mke wa Ochieng. Kisha mimi. Kisha mke wa Odhiambo, kitinda mimba. Mdogo akitangulia, ni kama anamsukuma mkubwa wake kaburini. Nikazidi kulia, maana nilikuwa nimekusukuma wewe.

“Wacha kulia,” ulisema. “Mtama haijui nani amepanda. Ni watu ndio wanajua.”

Nimelibeba neno hilo miaka yote hii bila kujua ulimaanisha nini hasa. Ulikuwa unanionya au unanifariji? Nilichojua ni kwamba sehemu iliyobaki ya shamba langu ilimngojea Mama Brenda aje kutoka Nairobi, akaja baada ya wiki mbili, na kufikia hapo jua lilikuwa limeshachukua nafasi. Mavuno yakawa ya kubahatisha kwa sisi sote, isipokuwa ile mistari mitatu. Ile ilizaa masuke mazito, mekundu, ya kuinama. Ulikuja peke yako ukayakata, ukaenda nayo kwako, ukayatoa mbegu na kuzitia majivu ndani ya kibuyu kinachoning'inia juu ya mafiga. Hukusema kitu. Nami kwa mara moja maishani sikuuliza.

Halafu ziwa likapanda. Hilo sina haja ya kukusimulia, kwa sababu ni wewe uliyeamka ukakuta maji yameingia kwenye viazi vya chini na choo cha Odhiambo kimesimama ziwani peke yake. Watu walilia, wengine wakafunga mizigo. Wewe ulichomeka kijiti ukingoni, ukarudi kesho, ukachomeka kingine. Nilikuuliza unatafuta nini, ukasema unataka kujua kama linakuja kutembea au linakuja kukaa. Lilipokuja kukaa, ulitukumbusha kwamba hapo zamani palikuwa na mafunjo, na kwamba ni sisi wenyewe tuliyakata kwa ajili ya mikeka na kwa ajili ya viazi. Tukaingia majini mpaka magotini, mimi, wewe na mke wa Odhiambo, tukipanda vipande vya mafunjo kwenye tope, na watu wa boma la pili wakitucheka. Mwaka uliofuata mawimbi yakaanza kuchoka kabla ya kufika kwetu. Waliotucheka wakaja kuomba miche. Ukawapa, lakini kwanza ukawafanya wacheke tena mbele yako, ukisema unataka kuhakikisha ni kicheko kile kile.

Na hospitali, Mama. Hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote, Mungu anisamehe, maana nyonga yako ilikuwa imevunjika na ulikuwa na maumivu. Ulilazwa mjini mwezi wenyewe wa kupanda. Mvua ikaja. Mimi na mke wa Odhiambo tukakaa mlangoni tukiitazama inavyopita, kwa sababu mama wa boma yuko kitandani na hajafungua msimu. Nilimwendea Mzee Okello nikamuuliza kama mtu hawezi kupanda kwa niaba yako. Akanijibu kwamba mkono haukopeshwi.

Nilikuletea habari hiyo pamoja na uji. Ulimaliza uji, kisha ukaniagiza nirudi kesho na vitu vitatu: mkebe, udongo wa mbele ya jikoni yako, na mtama kidogo wa kwenye kibuyu. Askari wa getini alifungua kikapu akaniuliza kama hiyo ni dawa ya kienyeji. Muuguzi naye alipoona udongo wodini alikasirika, na haki yake. Ulimwomba dakika moja. Ukatoboa mashimo matatu kwa kidole, ukatia mbegu, ukafukia, ukaomba simu yangu.

“Okello, nimepanda. Waambie watoto waingie shamba.”

Alikuuliza umepanda wapi, nikasikia, kwa kuwa sauti ya Mzee haihitaji simu.

“Kwa shamba,” ulimjibu, ukakata.

Mama Brenda, aliyekuwa amekuja kukuona hospitalini, alitangulia, nasi tukapanda siku ile ile. Mkebe ulikaa dirishani, wauguzi wakaumwagilia, hata yule aliyekasirika. Ulirudi nyumbani umeupakata, na miche mitatu ikitikisika kifuani pako. Watu walikuja kukupa pole kwa nyonga wakaishia kuangalia mkebe. Nilikuuliza umepata wapi wazo kama lile. Ulisema lilikuja tu. Mimi sikuamini, na leo ndiyo siamini kabisa.

Umetutoka, na haya sasa ni masika ya pili bila wewe. Tumekulilia vya kutosha, na bado kuna siku ninachemsha chai ya watu wawili. Lakini nikuambie yaliyofuata, kwa kuwa ungetaka kujua, na hakuna aliyekuwa akipenda kujua kama wewe.

Ulipoondoka, kufungua msimu kulimwangukia Mama Brenda. Yeye na Ochieng wako Nairobi, na kazi ya duka haimpi ruhusa kwa sababu ya wingu. Masika ya kwanza bila wewe tulingoja. Mvua ilikuja, ikakaa, ikaondoka. Walifika Pasaka, Mama Brenda akapanda kwa viatu vya kanisani, nasi tukafuata, na mtama ulipofika wakati wa kutoa masuke mbingu zikafunga. Hatukuvuna hata mbegu ya kurudisha. Nilizunguka Kibuye kutwa nzima nikitafuta ule mtama wetu mwekundu. Muuzaji mmoja aliniuzia mweupe, mfupi, akaapa kwamba utageuka rangi ukikomaa. Ndege waliumaliza kabla haujapata nafasi ya kugeuka. Kwa hiyo mwaka huu ulipoanza, mtama wako wote duniani ulikuwa ndani ya kibuyu kimoja, na hakikujaa. Nilikuwa nikikitikisa kila jioni nisikie sauti yake, na kila jioni niliogopa. Tukikosea mara moja tu, basi, mbegu yako imekwisha mikononi mwangu.

Mwezi wa kwanza Ouma alipanda kwenye dari ya nyumba yako kuziba panapovuja, akashuka na gunia. Nilidhani ni magunzi, kumbe ni mabua yako ya mvua. Mama, kwa nini hukuniambia? Nilikuona ukivunja vile vipande maelfu ya mara, nami nikafikiri unawashia moto.

Tuliyatandaza uani juu ya jamvi, mimi, mke wa Odhiambo na akina mama wa maboma ya jirani. Kila msimu ulikuwa umeuunganisha kwa uzi, kipande kwa kipande, mvua ya kwanza kushoto, kama kijamvi kidogo, ukakiviringisha na kukifunga kwa utepe wa nguo. Ilituchukua nusu siku kuelewa kwamba nguo ndiyo tarehe. Utepe wa khaki ni kaptura ya Ouma ya mwaka aliomaliza shule ya msingi. Ule wa bitana ya kung'aa ni koti la Baba, mwaka aliokufa, na kijamvi chake kina mvua chache sana, sijui ni kwa sababu hazikunyesha au hukuwa na moyo wa kutoka nje. Ule wa bluu ni pazia la mke wa Odhiambo, ambaye alipandwa na hasira kidogo, kwa sababu alikuwa akimsingizia mbuzi miaka yote hiyo. Mmoja tu ulitushinda, kitambaa kilichopauka karibu kiwe kijivu, na ndani ya mkunjo kikawa kijani. Tukakiweka kando.

Kati ya mabua uzi ulikuwa na mafundo, nayo yalitusumbua mpaka jirani mmoja alipokumbuka kwamba ulikuwa na tabia ya kufunga fundo ukitoka kanisani. Kumbe ni Jumapili! Kila fundo ni wiki iliyofika Jumapili bila tone. Baada ya hapo tulisoma kama watoto waliojua herufi leo. Vijamvi vya zamani vinaanza na mabua marefu na kuendelea hivyo hivyo. Vya miaka ya karibuni vinaanza na vipande viwili vitatu vifupi, halafu mafundo, mafundo, kisha ghafla mabua marefu mfululizo, kisha basi. Zile mvua fupi za kwanza ndizo zilikuwa zikitudanganya, na zile ndefu ndizo tulikuwa tukizikalisha tukimngojea mtu wa Nairobi.

Tangu siku ile kila boma lina mkebe, kuanzia Otonglo barabarani mpaka kwenye mafunjo. Tulikuwa na kikundi cha kuchangia maziko kwenye simu, sasa asubuhi kimejaa picha za mabua. Mwanzoni tulipima kwa vidole kama wewe, pakatokea fitina, maana vidole vya mama wa duka ni vinene na mvua yake ilikuwa ndogo kila siku. Tukakubaliana kutumia urefu wa kiberiti, kwa kuwa kila jikoni kipo na hakinenepi. Na tumegundua mambo, Mama! Mvua inaweza kujaza mkebe wa barabarani na huku ziwani tukapata matone ya kuhesabu. Kwa nini? Mwalimu mmoja aliyesomea chuo cha Maseno alitueleza kuhusu upepo wa ziwa, nikaelewa nusu. Nusu nyingine nilitaka kukuuliza wewe.

Lakini kujua siku ya kupanda hakukutoa ruhusa ya kupanda. Ouma alisema tupande kimyakimya, zama zimebadilika. Nilikataa. Nilishawahi kupanda kimyakimya. Nikaenda kwa Mzee Okello, nikamkuta anaota jua, na badala ya kumwomba nikamuuliza swali. Ule mwaka Mama alivunjika nyonga, shamba lake lilikuwa wapi?

Aliegemea fimbo yake, akatazama upande wa jikoni yako.

“Kwa mkebe,” akasema.

Kisha akanitazama kwa jicho moja, na Mama, nakuambia alikuwa anatabasamu. “Basi si utume mkebe.”

Tulijaza udongo wa mbele ya jikoni yako, tukafunga mtama kwenye karatasi, Ouma akapeleka mzigo stendi ya basi la Nairobi. Karani alimuuliza ndani mna nini. Ouma akamwambia aandike shamba.

Nilimwogopa Mama Brenda kuliko nilivyomwogopa Mzee. Unajua hatukuwa karibu, mimi na yeye. Nilihisi ataona ni ushamba, kumtumia mtu udongo ghorofani. Alipokea, akajibu kwa neno moja, “Umefika,” nami nikakosa usingizi.

Mvua fupi zikaja, mbili, tatu. Hakuna aliyegusa jembe, ingawa mikono ilituwasha. Yakapita mafundo matatu. Halafu asubuhi moja bua lilitoka limelowa viberiti viwili, na kesho yake viwili na nusu, na simu ikajaa picha kutoka Otonglo mpaka ziwani zikisema hivyo hivyo. Nikampigia Mama Brenda kabla hajatoka kwenda dukani. Aliniambia nisubiri. Nikasikia mlango wa roshani, magari huko chini, kisha karatasi ya mbegu ikifunguliwa.

“Nimepanda,” alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. “Nyar Maragoli, ingia shamba.” Na kabla sijakata akauliza, “Hii maji nimwage kiasi gani? Mama alikuwa anamwaga kiasi gani?”

Tulilia kidogo, kila mtu kwake, kisha nikamwambia glasi nusu.

Nilipanda mpaka saa sita, na mke wa Odhiambo baada yangu. Kibuyu kilibaki na viganja viwili tu, nilivyoviacha kwa hofu. Leo mtama umenifika vifundo vya miguu. Sijui kama utazaa. Mvua bado ina nafasi ya kutuaibisha, na mtu akiniuliza namwambia ukweli huo. Ila umeota wote, mstari kwa mstari, na Mama Brenda ananitumia picha za miche yake mitatu kila siku na kulalamika kuhusu njiwa. Amesema mwezi wa nane atakuja kukaa mpaka tuvune. Hakuwahi kusema hivyo ulipokuwa hai, naye anajua, na inamuuma.

Sasa kitambaa.

Jana niliamua kukiosha kile kijamvi cha utepe uliotushinda, maana kilikuwa na masizi. Kitambaa kilipolowa kikarudi kijani chake, na pembeni nikaona mshono. Uzi ni wa njano, Mama. Nilikaa chini palepale kwenye maji.

Nimekifungua mara kumi tangu jana. Bua la kwanza kushoto ndilo refu kuliko yote, na umelizungushia mstari wa mkaa, jambo ambalo hukulifanya kwenye kingine chochote. Hiyo ni mvua ya ile siku, ile ya kueleweka, iliyoninyanyua kitandani. Baada yake kuna vipande vifupi viwili, kisha mafundo mawili, yaani zile wiki mbili tulizomngojea Mama Brenda. Uliona. Ulipita kwenye michongoma ukachukua pindo la gauni langu, ukaenda kwako, ukaandika kwa njia yako kwamba msichana aliyekosea alikuwa amepatia siku.

Ndilo swali langu. Miaka yote ile ulikuwa unajua? Ulipoomba mkebe na udongo hospitalini, ulikuwa unakumbuka bua lile? Ile mistari mitatu uliyoikata peke yako, ndiyo hii iliyo shambani sasa? Mimi niliishi nikidhani kwako nilikuwa yule Nyar Maragoli aliyeanza kwa kosa, na ambaye ulimvumilia kwa huruma yako. Kumbe ulinifungia msimu mzima kwa nguo yangu. Ungeniambia, Mama. Siku moja tu, wakati tunachambua mboga, ungeniambia. Lakini pengine ulitaka niulize mwenyewe, na ule ndio wakati mmoja maishani nilionyamaza.

Mawingu yanajikusanya tena upande wa ziwa. Vipande vya mwaka huu nimeshaviunganisha mpaka hapa tulipofika, na nimemwandikia Mama Brenda akate pindo la nguo yoyote aipendayo alitume kwa basi, kwa sababu msimu huu ni wake. Nakuacha upumzike. Acha nikautoe mkebe chini ya mchirizi wa paa, mke wa Odhiambo ameuweka vibaya tena.

Mkaza mwanao aliyetangulia kupanda,
Nyar Maragoli